Burkitt, daktari wa jicho moja aliyetetea pumba zetu

Ukipita kwenye mashine yoyote ya kusaga hapa Morogoro, iwe Kihonda mjini au kule juu Mgeta, utaona jambo lilelile. Mahindi yanakobolewa kwanza, ndipo yanasagwa, na unga unatoka mweupe kama pamba. Pembeni kinabaki kiroba cha pumba. Unga mweupe unakwenda kulisha watoto. Pumba zinakwenda kwa kuku.

Mzee mmoja kutoka milimani Uluguru, mgonjwa wangu wa kisukari na presha, alihuzunika nilipomwambia aache sembe na aanze kula dona. Aliniuliza kama namrudisha kwenye umaskini. Alisomesha watoto kwa njegere na karoti alizoshusha mlimani kichwani kabla ya bodaboda kufika kijijini kwao, na sembe nyeupe mezani kwake ilikuwa ushahidi kwamba ametoka mbali. Dona kwake ni chakula cha bweni na cha jela. Siku ile nilimjibu kwa haraka, jibu la daktari mwenye foleni mlangoni. Alipokuja tena nilimsimulia maisha ya daktari mmoja Mzungu aliyefanya kazi jirani zetu Uganda, na leo nakusimulia na wewe.

Denis Burkitt alizaliwa 28 Februari 1911 katika mji wa Enniskillen, Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi aliyependa ndege wa porini na kuweka kumbukumbu za wapi kila ndege anaishi na anafika wapi. Mtoto alirithi tabia hiyo ya kutazama na kuandika. Akiwa na miaka 11 alipigwa jiwe na wavulana wenzake, miwani ikapasuka, na jicho moja likapotea. Alikwenda chuo kikuu Dublin kusomea uhandisi, akabadili mawazo na kuhamia udaktari, akafuzu mwaka 1935, baadaye akawa daktari wa upasuaji. Alipoomba kazi katika makoloni ya Uingereza huko Afrika Magharibi alikataliwa kwa sababu ya jicho lake. Vita Kuu ya Pili ikamleta Afrika Mashariki kama daktari wa jeshi, na mwaka 1946 akapangiwa Lira, kaskazini mwa Uganda.

Huko Lira alipasua mabusha mengi, kama daktari yeyote wa wilaya wa wakati ule. Lakini aligundua kwamba wagonjwa wa mabusha walitoka zaidi upande mmoja wa wilaya kuliko mwingine. Akaanza kujiuliza swali ambalo alilibeba maisha yake yote: kwa nini ugonjwa huu uko hapa, na pale haupo?

Mwaka 1948 alihamia hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini amtazame mtoto wa kiume aliyevimba taya pande zote mbili. Muda mfupi baadaye Burkitt aliona mtoto mwingine wa namna hiyo hospitali ya Jinja. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walinunua gari kuukuu na kusafiri wiki kumi, takriban kilomita 16,000, kutoka Kampala hadi Afrika Kusini, wakipita na Tanganyika, hospitali kwa hospitali, wakiwaonyesha madaktari picha za uvimbe ule na kuuliza kama wameuona. Ramani waliyochora ilionyesha kwamba ugonjwa unafuata maeneo yenye joto na mvua. Leo saratani hiyo inaitwa limfoma ya Burkitt duniani kote, na ni miongoni mwa saratani za watoto zinazoitikia dawa vizuri. Mzazi, mtoto akivimba taya au tumbo na meno yakaanza kulegea, usimalize wiki ukimpaka dawa za kienyeji. Uvimbe huu hukua kwa kasi ya ajabu.

Kwa kazi hiyo peke yake jina lake lingekumbukwa. Lakini aliyenifaa mimi na mzee wangu wa Uluguru ni Burkitt wa baadaye.

Alirudi Uingereza mwaka 1966. Huko alikutana na Peter Cleave, daktari mstaafu wa jeshi la majini, aliyeamini kwamba magonjwa mengi ya watu wa mijini yanatokana na sukari nyeupe na unga uliokobolewa. Wengi walimwona Cleave kama mtu mwenye wazimu wa jambo moja. Burkitt alisikiliza, kwa sababu alikuwa na kitu ambacho Cleave hakuwa nacho, yaani miaka karibu 20 ya kupasua matumbo ya watu wa Uganda. Alikumbuka kwamba kule ni mara chache alikutana na kidole tumbo, mawe kwenye mfuko wa nyongo, bawasiri au saratani ya utumbo mpana kwa watu wa vijijini. Uingereza magonjwa hayo yalikuwa yamejaa wodini. Hakuridhika na kumbukumbu zake. Alituma fomu kwa hospitali za misheni Afrika na kwingineko, akiuliza kila mwezi wameona wagonjwa wangapi wa magonjwa hayo, na majibu yakaja yakifanana na aliyoyaona.

Kisha akafanya jambo lililowachekesha wengi. Akaanza kupima choo. Samahani kama unasoma huku unakula, lakini jambo hili ni muhimu. Yeye na wenzake walipima uzito wa haja kubwa na muda ambao chakula hutumia kupita mwilini, na mwaka 1972 wakachapisha matokeo katika jarida la Lancet. Wanakijiji wa Uganda walitoa takriban gramu 470 kwa siku, na chakula kilipita kwa saa kama 36. Wanamaji wa Uingereza na wake zao walitoa kama gramu 100 tu, na chakula kilikaa zaidi ya saa 80, yaani siku tatu na zaidi. Tofauti aliyoiona ilikuwa kwenye sahani. Wanakijiji walikula ndizi, mizizi, maharage na nafaka pamoja na nyuzinyuzi zake. Wanamaji walikula mkate mweupe, nyama na vitu vitamu. Burkitt alizunguka dunia akihutubia madaktari na kuwaonyesha picha za vinyesi alizopiga mwenyewe vijijini, bila aibu yoyote. Mwaka 1979 alichapisha kitabu kwa watu wa kawaida kuhusu nyuzinyuzi katika chakula, na wanunuzi wengi Ulaya na Marekani wakaanza kuulizia mkate wa ngano isiyokobolewa.

Trowell naye hakukaa kimya, na ndiye anayewahusu zaidi wenye kisukari na presha. Alifika Kenya mwaka 1929, akakaa Afrika Mashariki karibu miaka 30. Miaka yake ya mwanzo wagonjwa Waafrika wenye presha walikuwa wachache sana, na kabla hajaondoka walikuwa wamejaa. Mwaka 1956 aliandika kuhusu mgonjwa mmoja Mwafrika wa Uganda mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, jambo lililokuwa geni wakati huo. Mgonjwa huyo hakuwa mkulima. Alikuwa jaji. Baadaye Trowell alichunguza vifo vya kisukari Uingereza na kuona vilipungua kipindi cha vita, serikali ilipowalazimisha wenye vinu kuacha pumba nyingi kwenye unga wa mkate. Hapo mimi naweka alama ya kuuliza. Wakati wa vita sukari pia ilikuwa ya mgao na mafuta ya gari yaliadimika, kwa hiyo watu walitembea na kula kidogo. Sifa zote haziwezi kwenda kwa pumba.

Burkitt naye alizidisha. Alipenda kueleza karibu kila ugonjwa kwa nyuzinyuzi, na baadhi ya maelezo yake, hasa kuhusu vijifuko vinavyoota kwenye utumbo mpana, yametiliwa shaka na tafiti za baadaye. Pia wanakijiji wale hawakutofautiana na wanamaji kwa chakula peke yake. Walilima kwa jembe la mkono, walitembea, na wengi hawakuishi miaka mingi kiasi cha kupata magonjwa ya uzeeni. Lakini kiini cha hoja yake kimesimama. Mwaka 2019 jarida lilelile la Lancet lilichapisha uchambuzi mkubwa wa tafiti za miongo mingi: watu wanaokula nyuzinyuzi nyingi, wakilinganishwa na wanaokula kidogo, walipungukiwa kwa asilimia 15 hadi 30 na vifo, kisukari cha aina ya pili, magonjwa ya moyo, kiharusi na saratani ya utumbo mpana. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, mtoto wa miaka 2 hadi 5 apate gramu 15, na wa miaka 6 hadi 9 gramu 21.

Huhitaji mizani jikoni. Maharage, kunde, mbaazi na njegere ndivyo vyenye nyuzinyuzi nyingi kuliko vingi tunavyokula, kisha mboga za majani, matunda yanayoliwa badala ya kukamuliwa juisi, na nafaka isiyokobolewa. Mtu wa Mgeta anayeteremsha njegere kuziuza soko la Chifu Kingalu na kurudi na sembe, maandazi na soda ameuza dawa yake na kununua ugonjwa. Nimemwambia mzee wangu hivyo hivyo, akacheka.

Nyuzinyuzi hufanya chakula kimeng'enywe polepole, hivyo sukari huingia kwenye damu taratibu badala ya kupanda ghafla. Tumbo pia hujaa mapema, na hiyo humsaidia mwenye uzito mkubwa. Lakini nisikudanganye: ugali wa dona bado ni wanga. Mlima wa dona utapandisha sukari kama mlima wa sembe, labda kwa kuchelewa kidogo. Ugali uchukue robo ya sahani, mboga za majani nusu nzima, na robo iliyobaki iwe maharage, dagaa, samaki au kuku. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku kwa kila mtu, pamoja na ile iliyojificha kwenye viungo vya dukani. Na ongeza nyuzinyuzi kidogo kidogo huku ukinywa maji, la sivyo gesi itakufukuza kwenye dona ndani ya siku tatu.

Mahindi ya dona yakaushwe vizuri na yahifadhiwe pakavu, yaliyoota ukungu yasisagwe kabisa, kwa sababu sumukuvu huharibu ini. Mwenye figo zilizoshindwa asifuate ushauri huu bila kuzungumza na daktari wake. Maharage na nafaka zisizokobolewa zina madini ambayo figo mbovu haziwezi kuyatoa.

Sasa kosa langu. Mzee yule alipokubali, alikubali kwa nguvu zote. Ndani ya wiki moja aliacha sembe, soda na sukari kwenye chai, akapunguza ugali hadi nusu, na akaanza kutembea kila asubuhi kwenye njia ya mlimani. Dawa yake ya kushusha sukari, ile inayoilazimisha kongosho kutoa insulini zaidi, aliendelea kuimeza kwa dozi ya zamani. Sikuwa nimemwambia kwamba akibadili chakula kiasi hicho dozi huenda ikahitaji kupunguzwa. Siku ya nane alianza kutetemeka na kutoka jasho njiani, akakaa chini kwenye jiwe hajui yuko wapi. Kijana aliyekuwa akipita alimpa muwa atafune, na ndio uliomwokoa. Wewe unayetumia dawa za namna hiyo au sindano ya insulini, mwambie daktari wako kabla ya kubadili mlo. Usipunguze wala kuacha dawa mwenyewe. Tembea na sukari kidogo au pipi mfukoni, na aliye nyumbani nawe ajue dalili: jasho, kutetemeka, njaa kali, maneno yasiyoeleweka.

Burkitt alifariki 23 Machi 1993 akiwa na miaka 82. Mzee wangu bado anakuja kliniki. Nilimpunguzia dozi, na baada ya miezi mitatu sukari yake ya asubuhi ilikuwa imeshuka, ingawa haijafika ninapotaka. Presha bado inampanda msimu wa mavuno, akiwa na mawazo ya bei, na dawa zake za presha anazimeza kila siku kama mwanzo. Nyumbani kwake sasa wote wanakula dona. Tatizo lililobaki, anasema, ni wajukuu wanaofuata maandazi kwa jirani, na kuku wake, ambao inabidi awanunulie pumba.