Dk. Bryce: Daktari aliyehesabu vifo vya wanafunzi, Serikali ikafungia hesabu kabatini

ALIPOZURU shule za bweni za magharibi mwa Kanada mwaka 1907, Dk. Peter Henderson Bryce hakuwa mwanaharakati wala mpinzani wa Serikali. Alikuwa mtumishi wake wa ngazi ya juu, Mganga Mkuu wa idara iliyosimamia wenyeji wa asili wa nchi hiyo, wadhifa alioushika tangu mwaka 1904.

Bryce alizaliwa mwaka 1853 katika kijiji cha Mount Pleasant, jimboni Ontario. Kabla ya kuhamia Ottawa alikuwa katibu wa kwanza wa Bodi ya Afya ya jimbo hilo na mwandishi wa sheria yake ya afya ya umma ya mwaka 1884.

Shule alizotumwa kukagua ziliendeshwa na makanisa, na Serikali ikilipa kwa kichwa cha mwanafunzi. Hapo ndipo ulipokuwa mtego. Kwa kuwa fedha zilifuata idadi, mtoto mwenye kifua kikuu alipokewa sawa na mzima, wakalazwa pamoja katika mabweni ambayo madirisha yake yalizibwa miezi yote ya baridi.

Bryce alitembelea shule 35, kisha akawataka wakuu wa shule waeleze kwa maandishi wanafunzi wao, wa sasa na wa zamani, walikuwa katika hali gani. Shule 15 zilijibu. Kati ya watoto 1,537 waliotajwa, karibu robo walikuwa wamekufa. Katika shule ya File Hills, Saskatchewan, asilimia 69 ya waliowahi kusoma hapo walikuwa kaburini.

Ripoti hiyo iligawiwa kwa wabunge na viongozi wa makanisa, na Novemba mwaka huohuo gazeti moja la Ottawa likaiweka ukurasa wa mbele. Hakuna aliyeweza kudai kuwa hakujua. Lakini mapendekezo ya Bryce, kwamba Serikali itwae shule hizo na kuwatibu watoto, idara haikuyachapa. Mkataba mpya na makanisa wa mwaka 1910 uliongeza fedha na masharti ya majengo, basi.

Mwaka 1913 uongozi wa idara ulishikwa na Duncan Campbell Scott, mtu aliyesifika pia kwa ushairi. Bryce akaarifiwa kuwa ripoti zake za kila mwaka hazihitajiki tena. Ugonjwa haukukoma, ila hesabu yake ndiyo iliyokoma. Na mwaka 1920 idara hiyohiyo ilipata sheria ya kuwalazimisha wazazi kupeleka watoto wa miaka saba hadi 15 shuleni.

Mwaka 1921 Bryce aliondolewa kazini kwa kustaafishwa. Akiwa huru, mwaka uliofuata alichapisha kijitabu ambacho katika jina lake lenyewe aliuita uzembe huo uhalifu wa taifa. Humo alilinganisha fedha: wenyeji wapatao 105,000 walitengewa dola 10,000 kwa mwaka za kupambana na kifua kikuu, ilhali jiji la Ottawa, lenye watu wanaokaribia idadi hiyo, lilitumia zaidi ya dola 340,000 kwa wagonjwa wake.

Wakubwa walinyamaza. Bryce alifariki dunia mwaka 1932 akiwa safarini baharini kuelekea visiwa vya Karibi, na shule ya mwisho ya aina hiyo haikufungwa hadi miaka ya 1990.

Serikali ya Kanada iliomba radhi rasmi mwaka 2008. Mwaka 2015 Tume ya Ukweli na Maridhiano iliripoti kuwa imethibitisha vifo zaidi ya 3,200, na kwamba karibu theluthi moja ya marehemu hao hata majina yao hayakuandikwa.

Bryce na Scott wamezikwa katika makaburi yaleyale ya Beechwood, Ottawa. Kibao cha kumbukumbu ya Scott kilimtaja kama mshairi hadi mwaka 2015, kilipoandikwa upya ili kieleze pia alichokifanya katika shule zile. Mwaka huohuo Bryce naye akawekewa cha kwake.