Laurens Hammond: Fundi wa Saa na Kinanda Kisichokosea

Kile kinanda kizito cha mbao ambacho waimbaji wa injili kule Marekani wamekipenda miaka mingi kilitoka kwa mtu ambaye mwenyewe hakuwa mpiga kinanda.

Laurens Hammond alizaliwa Evanston, Illinois, tarehe 11 Januari 1895. Babake alifariki yeye angali mdogo sana, na mamake akahamia Ufaransa na watoto. Aliporudi Marekani alisomea uhandisi chuo kikuu cha Cornell, akamaliza 1916, na baadaye akajulikana kwa saa za stima. Mota ya saa zake ilifuata mapigo ya stima, haikimbii, haichelewi.

Mota ya namna hiyo ndiyo aliyoiweka ndani ya kinanda chake cha mwaka 1935. Inazungusha magurudumu madogo ya chuma, karibu 90, yenye ukingo wa mawimbi-mawimbi. Kila gurudumu hupita mbele ya sumaku iliyozungushiwa waya, na hapo sauti inazaliwa. Kinanda hicho hakiharibiki tuni kamwe.

Kumbe hapo ndipo shida ilipokuwa. Sikiliza kwaya ya watu thelathini. Hakuna wawili wanaoishika noti mahali pamoja kabisa. Huyu yuko juu kidogo, yule chini kidogo, na hizo tofauti ndogo zikikutana sauti inajaa, inatetemeka, inakuwa hai. Kwa Hammond, hata ufungue sauti zote, noti ilitoka kwa gurudumu lile lile. Ni kama mtu mmoja anapaza sauti akidai yeye ni kwaya!

Dawa ya kwanza ilikuwa kuongeza magurudumu mengine, haya yakiwa juu kidogo ya tuni, yale chini kidogo. Yaani fundi wa usahihi alilazimika kutengeneza makosa kwa makusudi. Ilifanya kazi, ila kinanda kilizidi uzito.

Miaka ya 1940 mhandisi wake, John Hanert, akapata njia bora. Sauti inapitishwa kwenye mlolongo wa koili na kapasita unaoichelewesha hatua kwa hatua. Kifaa kinachozunguka karibu mara 7 kwa sekunde kinaichota mbele na nyuma katika mlolongo huo, kwa hiyo inapanda na kushuka kidogo. Ukiichanganya na sauti iliyonyooka, sikio linasikia watu wengi.

Wakati huo huo kulikuwa na Don Leslie wa California, aliyeunda spika yenye pembe inayozunguka. Alimpelekea Hammond, naye akakataa. Kwa maoni yangu hapo kiburi kilimshinda, maana makanisa yalizinunua hizo spika hata hivyo.

Hammond alistaafu 1960, akafariki Connecticut tarehe 1 Julai 1973. Mwaka 1980 kampuni yake iliinunua ile iliyokuwa ya Leslie.