Shekhar Mehta

Shekhar Mehta (20 Juni 1945 – 12 Aprili 2006) alikuwa dereva wa mbio za magari mzaliwa wa Uganda aliyeshindana kama dereva wa Kenya. Anakumbukwa hasa kwa kushinda Safari Rally mara tano: mwaka 1973, kisha miaka minne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Ushindi wake wa kwanza aliupata kwa Datsun 240Z, gari la spoti kutoka Japani ambalo leo ni gari la kale linalotunzwa na wapenzi wake katika nchi nyingi.

Maisha ya awali

Mehta alizaliwa Uganda katika familia tajiri ya asili ya Kihindi iliyomiliki mashamba makubwa. Alianza mbio za magari akiwa kijana wa miaka ya ishirini, na gari lake la kwanza la mashindano lilikuwa BMW.

Mnamo Agosti 1972 Idi Amin, rais wa Uganda wakati huo, alitangaza kwamba Waasia waondoke nchini katika muda wa siku 90. Maelfu ya familia zilipoteza nyumba, mashamba na biashara zao. Mehta alihamia Kenya, na tangu hapo Nairobi ikawa makao ya kazi yake. Miezi michache baadaye, wakati wa Pasaka ya mwaka 1973, alishinda mashindano makubwa kuliko yote ya magari katika Afrika Mashariki.

Safari Rally ya wakati wake

Mashindano haya yalianzishwa mwaka 1953 ili kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza. Mwaka 1960 yaliitwa East African Safari, na kwa miaka mingi yalipita katika barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika (baadaye Tanzania). Tangu mwaka 1974 yamefanyika nchini Kenya pekee.

Katika miaka ya 1970 Safari ilikuwa na urefu wa kilomita 5,000 hivi, kwenye barabara ambazo hazikufungwa kwa ajili ya mashindano. Dereva aliweza kukutana na basi, ng'ombe au mto uliofurika. Kila dakika ya kuchelewa kufika kituoni ilihesabiwa kuwa adhabu, na mwenye adhabu ndogo kuliko wote ndiye aliyeshinda. Kwa kuwa Pasaka huangukia wakati wa masika, magari yalipita katika vumbi na mawe, kisha katika udongo mweusi unaonata, wa aina ile inayojulikana Tanzania katika mbuga kama za Wembere. Magari mengi yaliyoanza hayakumaliza. Kwa hiyo haikutosha kuendesha kwa kasi. Ilimlazimu dereva kulifikisha gari mwisho likiwa bado linatii usukani.

Datsun 240Z

Datsun 240Z ilianza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 1969. Japani ilijulikana kwa jina la Fairlady Z. Ilikuwa na milango miwili, injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, kabureta mbili, na springi huru kwa kila gurudumu. Mwaka 1971 Edgar Herrmann, dereva Mjerumani aliyeishi Kenya, alishinda Safari kwa gari hilo. Mehta, akiwa na mwelekezi wake Mike Doughty, alikuwa wa pili kwa gari la aina hiyohiyo.

Usukani na bushi zake

Usukani wa 240Z hufanya kazi kwa reki na pinioni. Pinioni ni gia ndogo iliyo mwisho wa mhimili wa usukani. Meno yake hushikana na meno ya reki, ambayo ni fimbo ya chuma iliyolala kutoka upande mmoja wa gari hadi mwingine. Dereva akizungusha usukani, pinioni huisukuma reki kushoto au kulia, na tairodi za pande zote mbili huyageuza magurudumu.

Reki imo ndani ya bomba la chuma lililofungwa kwenye boriti ya mbele ya gari kwa vibano viwili, na kila kibano hukazwa kwa bolti mbili. Kati ya kibano na bomba kuna bushi ya mpira. Bushi hizi zina kazi mbili zinazopingana: kulishika bomba lisihame, na wakati huohuo kupunguza mishtuko inayotoka barabarani kabla haijaifikia mikono ya dereva.

Mpira ukizeeka, ukipasuka au ukilainishwa na oili inayovuja, bomba zima huanza kusogea. Dereva hugeuza usukani, lakini sehemu ya mwendo huo hupotea katika kulisogeza bomba badala ya kugeuza magurudumu. Gari huyumba, huhitaji kurekebishwa kila mara, na hujibu kwa kuchelewa. Katika barabara ya lami hilo ni usumbufu. Katika barabara ya makorongo, kwa kasi ya mashindano, linaweza kulitoa gari barabarani.

Mafundi wa magari ya kale huchunguza hali hii kwa watu wawili. Gari likiwa chini na injini imezimwa, mmoja hutikisa usukani kidogo kushoto na kulia huku mwingine akitazama vibano. Bomba likisogea ndani ya vibano, bushi zimekwisha. Lisiposogea na bado usukani ni mlegevu, ubovu hutafutwa kwenye viungo vya tairodi au kwenye kiungo cha mhimili wa usukani.

Ili kubadilisha bushi, gari huinuliwa kwa jeki na kuwekwa juu ya stendi imara, na magurudumu hunyooshwa mbele. Ni vizuri kufungua kibano cha upande mmoja tu kwa wakati, ili upande wa pili uendelee kulishika bomba mahali pake. Bushi ya zamani hutolewa, kisha bomba na kibano husafishwa kutu na grisi. Bushi mpya huvalishwa, kibano hurudishwa, na bolti hukazwa kidogo kidogo kwa zamu ili kibano kikae sawasawa. Bushi za pande mbili hazifanani, hivyo fundi huzilinganisha kwanza na zile za zamani. Kama reki nzima italazimika kutolewa, mahali mhimili wa usukani unapoungana na pinioni huwekwa alama, la sivyo usukani utarudi ukiwa umepinda. Mwishoni usukani huzungushwa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine kuhakikisha haugusi kitu, na alaimenti ya magurudumu hupimwa upya.

Siku hizi wengi hutumia bushi za poliurethani badala ya mpira. Ni ngumu zaidi, hazilainishwi haraka na oili, na humfanya dereva ahisi barabara vizuri. Hata hivyo hupitisha mishtuko mingi zaidi hadi mikononi, na zisipopakwa grisi inayofaa zinaweza kutoa kelele.

Ushindi wa mwaka 1973

Mwaka 1973 ulikuwa wa kwanza wa mashindano ya ubingwa wa dunia wa rally, na Safari ilikuwa miongoni mwa mbio zake. Mehta aliendesha 240Z pamoja na mwelekezi Lofty Drews. Mwisho wa safari yeye na Harry Källström wa Uswidi, aliyeendesha Datsun nyingine, walikuwa na adhabu sawa kabisa. Mshindi aliamuliwa kwa kanuni: aliyekwenda mbali zaidi tangu mwanzo bila kupata adhabu ndiye wa kwanza. Mehta alipewa ushindi. Dakika moja tu ya kuchelewa mahali popote njiani ingempa Källström nafasi hiyo.

Ushindi wa miaka minne mfululizo

Mwaka 1979 Mehta alirudi kileleni, sasa akiwa na Datsun ya familia ya Violet, gari dogo lenye injini ya silinda nne. Akiwa na Mike Doughty alishinda mwaka huo mbele ya Hannu Mikkola, miaka ya 1980 na 1981 mbele ya Rauno Aaltonen, na mwaka 1982 mbele ya Walter Röhrl, aliyekuwa bingwa wa dunia mwishoni mwa msimu huo. Mwaka 1981 Mehta mwenyewe alishika nafasi ya tano katika ubingwa wa dunia wa madereva. Katika baadhi ya mbio za nje ya Kenya mwelekezi wake alikuwa mke wake, Yvonne Mehta.

Ajali na miaka ya mwisho

Baadaye aliendesha magari ya Peugeot katika mbio za jangwani. Mwaka 1987 alipata ajali mbaya katika mbio za Mafarao nchini Misri, na majeraha yake yakamaliza kazi yake ya udereva. Aligeukia uongozi wa mchezo na kufikia kuwa mwenyekiti wa Kamisheni ya Rally ya FIA, shirikisho la kimataifa la magari. Alifariki London, Uingereza, akiwa na umri wa miaka 60.

Urithi

Hakuna dereva mwingine aliyeshinda Safari mara tano ikiwa sehemu ya ubingwa wa dunia. Björn Waldegård wa Uswidi alishinda mara nne. Safari iliondolewa katika ubingwa huo baada ya mwaka 2002 na kurudishwa mwaka 2021. Tangu mwaka 2003 kuna pia mbio za magari ya kale, East African Safari Classic, ambazo zimepita Kenya na Tanzania. Humo Datsun za aina aliyoendesha Mehta bado huonekana barabarani.