Manaku wa Guler

Manaku (takriban 1700 – takriban 1760) alikuwa mchoraji wa ufalme mdogo wa Guler, kwenye vilima vya Himalaya, katika jimbo la leo la Himachal Pradesh, kaskazini mwa Uhindi. Anajulikana hasa kwa picha ndogo za rangi zinazoonyesha maumbo ambayo mungu Vishnu, kadiri ya imani ya Wahindu, hujitwalia anaposhuka duniani. Kila umbo huitwa avatara.

Maisha

Alikuwa mtoto wa kwanza wa mchoraji Pandit Seu, aliyemfundisha kazi nyumbani pamoja na mdogo wake, Nainsukh. Nainsukh alihamia Jasrota kumtumikia Balwant Singh, akachora maisha ya bwana wake; Manaku alishikilia hasa habari za miungu. Wanawe wawili, Fattu na Khushala, walirithi kazi hiyo.

Kazi

Takriban mwaka 1725 alianza kuchora vita vya Rama, avatara mmojawapo, dhidi ya mji wa Lanka. Karatasi zake ni kubwa kuliko kawaida, na nyingine zilibaki michoro isiyotiwa rangi.

Mwaka 1730 alikamilisha picha takriban 150 za Gita Govinda, utenzi wa Kisanskrit wa Jayadeva (karne ya 12) juu ya Krishna na mpenzi wake Radha. Krishna ana ngozi ya buluu, nguo ya njano na taji la manyoya ya tausi. Ili vito vyake ving'ae kama zumaridi, vilibandikwa vipande vya mbawa za kijani za mbawakawa.

Takriban mwaka 1740 alichora Bhagavata Purana. Humo Varaha, yaani Vishnu mwenye kichwa cha nguruwe mwitu na mikono minne, anapigana na zimwi Hiranyaksha, picha baada ya picha, mpaka analiua.

Kutambuliwa

Wachoraji wa vilimani walihesabiwa kuwa mafundi tu, na kwa kawaida hawakutia sahihi. Jina la Manaku limo katika beti za mwisho za Gita Govinda ya 1730, lakini wataalamu walibishana kama ni la mchoraji au la mwanamke aliyeagiza kazi.

Mwanahistoria B. N. Goswamy alitafuta jibu katika daftari za makuhani wa Haridwar, mji wa hija kando ya mto Ganga, ambako mahujaji huandikisha majina ya baba na babu zao. Humo alikuta ukoo wa Pandit Seu, na mwaka 1968 alionyesha kwamba mitindo ya picha za vilimani ilifuata familia za wachoraji kuliko mipaka ya falme.

Leo kazi za Manaku zimetawanyika katika makumbusho mbalimbali, yakiwemo ya Chandigarh, New Delhi na Lahore.