Nils Bohlin na mkanda tunaoufunga kwa ajili ya polisi

Majina ya waundaji wa magari tunayajua kwa sababu yamebandikwa kwenye magari yenyewe. Ford, Benz, Porsche na Peugeot waliandikwa kwenye bati, na mtoto wa hapa Nkoroi ambaye hajaanza shule huyatambua magari yao kwa mbali. Nils Bohlin hakupata bahati hiyo. Kazi yake imo ndani ya takriban kila gari dogo linaloundwa duniani, na wahandisi humtaja kwa heshima kubwa, lakini hakuna gari liitwalo Bohlin. Yeye ndiye aliyebuni mkanda wa usalama wa ncha tatu, ule unaoshuka kutoka begani, ukavuka kifua, kisha ukalala juu ya nyonga. Nimeona yafaa kumsimulia leo kwa sababu maisha yake yanafafanua jambo ambalo sisi wasafiri wa Barabara ya Magadi tumelielewa vibaya kwa zaidi ya miaka ishirini.

Bohlin alizaliwa tarehe 17 Julai 1920 katika mji wa Härnösand, pwani ya Uswidi. Alisomea uhandisi wa mitambo huko huko kwao, akahitimu mwaka wa 1939, na mwaka wa 1942 akaajiriwa na kampuni ya Saab, ambayo siku hizo iliunda ndege wala si magari. Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimepamba moto. Uswidi haikupigana, lakini ilijiundia ndege zake za kivita. Mojawapo, Saab 21, ilikuwa na rafadha nyuma ya rubani badala ya mbele, na rubani ambaye angeruka nje kujiokoa angekatwakatwa na rafadha hiyo. Ndipo kampuni ikaunda kiti kinachofyatuka kama risasi, kikamtupa rubani mbali na ndege akiwa bado amekikalia. Katika miaka yake pale Saab, Bohlin alikuwa miongoni mwa walioviendeleza viti vya namna hiyo. Swali lililomshughulisha lilikuwa hili: mwili wa binadamu unaweza kustahimili nguvu kiasi gani, na ufungwe wapi ili nguvu hizo zibebwe na mifupa badala ya matumbo?

Wakati huo huo, waundaji wa magari walikuwa wakiitazama ndege kwa jicho tofauti kabisa. Kule Marekani, Moulton Taylor aliunda gari lenye mabawa ya kutoa na kuweka, Aerocar, lililoruka kwa mara ya kwanza mwaka wa 1949. Liliidhinishwa na serikali mwaka wa 1956, lakini hayakuundwa magari zaidi ya sita hivi, kwani hakupatikana mteja wa kutosha. Wengine waliiga umbo tu. Cadillac ya mwaka wa 1959 ilikuwa na mapezi marefu nyuma, mfano wa roketi, na mapezi hayo hayakuwa na kazi yoyote isipokuwa kupendeza. Bohlin alichukua kutoka kwenye ndege kitu ambacho watu wa mitindo hawakukiona: namna ya kumfunga mtu kitini.

Mwaka wa 1958 Gunnar Engellau, mkuu wa kampuni ya Volvo, alimwajiri awe mhandisi wa usalama. Mikanda ilikuwepo tayari katika baadhi ya magari, lakini ilikuwa ya ncha mbili, ikipita tumboni peke yake. Gari likigonga kwa kasi, kiwiliwili kilijikunja mbele, kichwa kikagonga usukani au dashibodi, na mkanda wenyewe ukaweza kuumiza viungo vya ndani. Palikuwa pia na mikanda ya Marekani yenye ncha tatu ambayo kifungo chake kiliangukia katikati ya tumbo, yaani pale pale pasipofaa.

Hapa ndipo ninapomvulia kofia Bohlin. Alitambua kuwa rubani na mwenye gari si watu wa aina moja. Rubani yu tayari kufungwa kwa mikanda minne au mitano, abanwe hadi pumzi imkatike, kwa kuwa anajua aendako. Mwenye gari hataki kubanwa hata dakika moja, na ukimpa kitu kinachomsumbua atakiacha. Kwa hivyo Bohlin hakutafuta mkanda wenye nguvu tu. Alitafuta mkanda ambao mtu mvivu, mwenye haraka, ataufunga kwa mkono mmoja bila kufikiri. Baada ya kazi ya takriban mwaka mmoja akapata utepe mmoja usiokatika, unaopita kifuani na kiunoni, wenye bizimu kando ya nyonga. (Neno hili bizimu wanafunzi wangu wa chuo kikuu hawalijui, wao husema kifungo, na nitarudia jambo hilo.) Umbo lake ni kama herufi V inayoelekeza ncha yake sakafuni, na mgongano ukitokea mkanda haulegei wala kuhama, na uzito wote unapokelewa na mbavu na mifupa ya nyonga.

Gari la kwanza lenye mkanda huo, Volvo PV544, lilikabidhiwa muuzaji wa mji wa Kristianstad tarehe 13 Agosti 1959. Siku kumi na tatu baadaye Uingereza ikaizindua Mini ya Alec Issigonis, gari la urefu wa mita tatu na kidogo, lililobeba watu wanne kwa kuwekewa injini kingamo. Udogo na usalama vilizaliwa mwezi mmoja, na yale mapezi ya roketi yakatoweka baada ya miaka michache.

Volvo ilikuwa na hataza ya mkanda huo na ingeweza kuwatoza washindani wake. Badala yake iliuacha wazi, kila kampuni iutumie bila malipo. Hata hivyo, watu hawakuupokea kwa shangwe. Mwaka wa 1967 Bohlin aliwasilisha uchunguzi wa ajali 28,000 zilizotokea Uswidi: wasiofunga mkanda walikufa katika kasi za kila namna, ilhali miongoni mwa waliofunga hakufa mtu chini ya kilomita 96 kwa saa. Hata takwimu hizo hazikutosha. Ilibidi sheria iingie: jimbo la Victoria nchini Australia likatangulia mwaka wa 1970, na Uswidi yenyewe ikafuata mwaka wa 1975. Bohlin alistaafu mwaka wa 1985, akafariki tarehe 21 Septemba 2002, akiwa na umri wa miaka 82.

Mwaka uliofuata, hapa Kenya, Waziri wa Uchukuzi John Michuki, ambaye naye ametangulia mbele ya haki, alitoa kanuni zilizoanza kutekelezwa tarehe 1 Februari 2004. Kila matatu iwe na mikanda na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, na zile ndogo zisizidi abiria 14. Wenye magari waligoma, watu wakatembea kwa miguu, lakini waziri hakurudi nyuma. Namheshimu kwa hilo. Baada yake masharti yalilegea, na tumezoea kumlaumu abiria: hana nidhamu, hajali uhai wake.

Mimi silaumu abiria. Nimepanda matatu kutoka Nkoroi kwenda mjini kwa miaka mingi, na mikanda niliyokutana nayo katika viti vya nyuma ni ile ya ncha mbili, ya tumboni, aliyoikimbia Bohlin mwaka wa 1958. Aghalabu bizimu imezama kati ya viti, utepe umejaa grisi na vumbi, na upande mmoja hauna mwenzake. Mama mwenye mtoto mapajani na kikapu mkononi ataufungaje kwa mkono mmoja? Huuweka tu juu ya magoti tunapokaribia kizuizi cha polisi baada ya utingo kututahadharisha, na tukishapita huuachilia.

Lugha nayo imeushuhudia mkasa huu. Kifungo katika Kiswahili ni kishikizo, na pia ni adhabu ya jela. Kukaza mkanda ni kuvumilia njaa. Sikiliza watu wasimulie safari: wao hufungishwa mikanda, ni nadra kusema walijifunga. Kauli hiyo ya kutendeshwa ina askari ndani yake. Ilhali tulikuwa na kibwebwe, kitambaa ambacho mwanamke hujifunga mwenyewe kiunoni aingiapo kazini au ngomani, na hakuna aliyewahi kumlazimisha. Sidhani kuwa neno lingebadilisha tabia, lakini linaonyesha tumekipokea kitu hiki kutoka mkono wa nani.

Katika miaka ya karibuni zaidi ya watu 4,000 wamekuwa wakifa kila mwaka katika barabara za Kenya. Wengi wao ni wapita njia na waendesha pikipiki, ambao mkanda hauwahusu kabisa, na sitaki kumpa Bohlin sifa za miujiza. Lakini walio ndani ya matatu wanamhusu. Mkaguzi anapolichunguza gari apasa kuketi katika kila kiti, aushike mkanda kwa mkono mmoja na kujaribu kuufunga huku ameshika kikapu kwa mkono wa pili. Kiti ambacho mkanda wake haufungiki hivyo kisiuziwe abiria nauli. Na bodi mpya zinazoundwa katika karakana zetu zitakiwe kuwa na ncha ya tatu, ile ya begani, kabla ya kupakwa rangi na kutundikwa spika za muziki.