O'Shaughnessy na Magadi ya Damu

Mgonjwa wa kipindupindu afikishwapo zahanatini huko Magongo, Mombasa, akiwa bado aweza kunywa, hupewa maji yaliyotiwa pakiti ya chumvi na sukari. Ndani yake mna sitreti, ambayo mwili huigeuza kuwa bikabonati, jamii ya magadi. Aliyeonyesha kwamba mgonjwa huyu hupungukiwa na magadi hayo alikuwa kijana wa miaka 22.

William Brooke O'Shaughnessy alizaliwa Limerick, Ayalandi, mwaka 1809, akasomea utabibu Edinburgh. Waba, kama wazee walivyouita ugonjwa huo, ulipozuka Sunderland mwaka 1831, matabibu wengi waliwatoa wagonjwa damu. Yeye aliipima. Aliikuta nzito, imepoteza maji, chumvi na alkali, na alkali hiyo akaiona katika choo cha mgonjwa.

Mwili huzalisha asidi bila kukoma. Mapafu huiondoa kwa pumzi, ikiwa kaboni dioksidi. Figo huitoa kwa mkojo na kuirejesha bikabonati damuni. Ndipo pH ya damu hudumu kati ya 7.35 na 7.45. Kipindupindu huimwaga bikabonati chooni, na figo zilizokosa damu ya kutosha hushindwa kuifidia. Mgonjwa huhema kwa nguvu, mapafu yakibeba mzigo wa wawili.

O'Shaughnessy alipendekeza maji yenye chumvi na magadi yatiwe mshipani. Mei 1832, Thomas Latta wa Leith, Uskoti, alijaribu, na baadhi ya mahututi wakainuka. Latta alifariki mwaka uliofuata, nayo tiba ikaachwa. Mwaka huohuo wa 1833, O'Shaughnessy aliajiriwa na Kampuni ya India Mashariki, akapelekwa Calcutta, mji uliozoea kipindupindu kuliko Sunderland. Huko alifundisha kemia, akachunguza bangi kama dawa, akajenga mtandao wa telegrafu. Nishani ya mwaka 1856 ilimjia kwa sababu ya nyaya, si kwa sababu ya damu. Jambo la kusikitisha kidogo.

Usahaulifu huo uliigharimu pwani hii pia. Kati ya 1869 na 1870 kipindupindu kiliua maelfu Unguja. Tabibu James Christie, aliyeishi huko, alifuatilia njia za misafara kilizopitia na kuchapisha kitabu mwaka 1876. Lakini elimu ya 1832 ilikuwa haijawa tiba ya kawaida popote.

O'Shaughnessy alifariki Southsea, Uingereza, mwaka 1889. Miaka ishirini hivi baadaye, katika Calcutta ileile, Leonard Rogers alikuwa akiwatia wagonjwa maji ya chumvi mshipani. Kisha akaongeza magadi.