Heinz: Mchuuzi wa mboga aliyeokoa jina lake kwa kusema kweli

HENRY John Heinz alizaliwa Oktoba 11, 1844 katika eneo la Pittsburgh, Marekani, kwa wazazi wahamiaji kutoka Ujerumani. Alianza biashara akiwa bado mtoto, akiuza kwa majirani mboga zilizozidi katika bustani ya mama yake.

Mwaka 1869 alifungua kampuni na mwenzake, wakisaga mizizi mikali inayotumika kama kiungo cha nyama. Wakati huo wasindikaji wengi walifunga bidhaa hiyo kwenye chupa za rangi ili mnunuzi asione takataka zilizochanganywa ndani. Heinz alitumia chupa nyeupe, kila mtu akaona anachonunua.

Hata hivyo, chupa safi haikumkinga na balaa. Mwaka 1875, uchumi wa Marekani ukiwa umeyumba, kampuni ilikuwa imewaahidi wakulima kununua matango yao yote kwa bei iliyopangwa kabla ya mavuno. Matango yakazaa kupita kiasi, fedha zikakauka, na Desemba mwaka huo kampuni ikafilisika. Wadai walimshitaki kwa udanganyifu, na magazeti yakamwandika kwa kejeli.

Kisheria, mfilisi angeweza kuanza upya bila kulipa deni lililobaki. Heinz hakukubali. Alifungua daftari, akaandika majina ya waliomdai, akiona ni haki yao kulipwa, na kiasi cha kila mmoja. Mwaka 1876 ndugu yake na binamu yake walianzisha kampuni mpya, naye akaiendesha. Kila alipopata fedha alipunguza deni, hadi akalimaliza baada ya miaka kadhaa. Waliomwita tapeli wakakosa la kusema, na wakulima wakaendelea kumuuzia mazao.

Kampuni hiyo ndiyo iliyoanza kutengeneza tomato sosi iliyompa umaarufu. Mwaka 1888 aliwanunua wenzake, ikabaki kwa jina lake. Katika miaka ya 1890 aliwafungulia watu milango ya kiwanda, wakaingia kwa maelfu kuona usafi wa vyombo na wafanyakazi.

Mtihani mkubwa wa pili ulikuja mwaka 1906. Wamarekani walikuwa wameshtushwa na habari za uchafu kwenye viwanda vya nyama, na hofu ikaenea kwa vyakula vyote vya kusindika. Wasindikaji wengi walipinga sheria ya chakula safi. Heinz aliiunga mkono, akamtuma mwanawe Howard kwa Rais Theodore Roosevelt kuitetea. Sheria ilipitishwa Juni 30, 1906.

Aliweza kusimama hadharani kwa sababu kazi ilikuwa imefanyika kiwandani. Tomato sosi yake ilikuwa tayari imeachana na benzoeti, dawa ya kuzuia chakula kuharibika, na badala yake ilitumia nyanya zilizoiva vizuri, siki na sukari zaidi. Gharama ilipanda, lakini mnunuzi mwenye hofu alijua achukue chupa ipi.

Heinz alifariki Mei 14, 1919 akiwa na umri wa miaka 74.

Kwa mjasiriamali wa Elerai anayesindika nyanya, karanga au unga, maisha hayo si hadithi ya mbali. Machi 5, 2021, Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Zuio liliondolewa siku chache baadaye, lakini kwa masharti, likiwamo la cheti kinachoonyesha kiwango cha sumu hiyo. Katika hali kama hiyo, mwenye vipimo na kumbukumbu ana la kujibu. Asiyekuwa navyo hubaki kuapa, na kiapo hakivushi gunia Namanga.

Maneno ya siku ya balaa huandaliwa siku za amani. Kwanza, kila mzigo upewe namba, na daftari lionyeshe malighafi ilitoka kwa nani na bidhaa iliuzwa duka gani. Pili, achaguliwe mtu mmoja wa kuzungumza, ili dereva, muuzaji na mwenye mali wasitoe habari tatu tofauti. Tatu, namba za simu za wenye maduka na za Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lililochukua usimamizi wa usalama wa chakula kutoka TFDA mwaka 2019, ziandikwe mahali panapoonekana.

Malalamiko yakija, hatua ya kwanza ni kusimamisha mauzo ya mzigo unaotiliwa shaka na kuwaambia wenye maduka siku hiyo hiyo. Wateja waelezwe kilichothibitika, kinachochunguzwa, jinsi ya kurudisha bidhaa na lini watapata taarifa nyingine. Kukanusha kabla ya kupima ni hatari, kwani majibu ya maabara yakija kinyume, hata la kweli litakalosemwa baadaye halitaaminiwa.

Kurudisha fedha za wateja kunauma, hasa kwa mtaji mdogo. Lakini Heinz alilipa hata deni ambalo sheria haikumdai, na waliolipwa ndio waliorudi kufanya naye biashara.